Wa Kwanza Kuona Njano

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujaendelea, tafadhali keti. Nakujua, barua unazisoma umesimama mlangoni, viatu vya kazini bado viko miguuni na unga umekujaa kwenye nyusi. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, na salamu zangu kwako ni nyingi kuliko nitakavyoweza kuziandika. Natumaini hujambo, na kwamba miguu imepungua kuvimba tangu msimamizi wenu wa kiwanda cha mikate awaruhusu kukalia vigoda wakati mikate ikiwa ndani ya tanuri. Shemeji naye hajambo? Mwambie ile redio aliyoniachia bado inaimba, ila siku hizi haiamki mpaka ipigwe kofi.

Utajiuliza barua ya nini, wakati tunaongea kwenye simu kila wiki. Dada, tukiongea mama hukaa ubavuni mwangu na hutaka sauti iwekwe kubwa, asipitwe na neno. Kazini nako, kwenye karakana ya mapazia, Bosi anajifanya anapima vitambaa kumbe anasikiliza mazungumzo ya watu. Tena hata ningekuwa peke yangu nisingeweza. Nimejaribu. Kila nikifungua mdomo nikuambie hili, najikuta nakuuliza hali ya hewa ya huko. Karatasi angalau hainikatizi, wala hainiulizi swali kabla sijamaliza.

Nianze na mama, maana ndiye unayemuulizia kwanza. Kila mara nimekujibu kwamba hajambo, na mwili wake kweli haujambo. Anakula, anasema watu, anabishana na redio wakati wa taarifa ya habari. Lakini macho, dada, yamekuwa mabaya kuliko nilivyokueleza. Anamimina chai pembeni ya kikombe. Akipita ukumbini anatembea na kiganja ukutani, na akijigonga anaulaumu mlango, eti umesogea. Majuzi nilimkuta amevaa sweta nje ndani, nikamwambia, akasema ndivyo anavyoipenda. Chini ya mkono wa sweta hiyo kulikuwa na alama ya kuungua. Aligusa sufuria akanificha. Mara ya mwisho uliniuliza inawezekanaje mtu azione alizeti za uani akiwa dirishani, halafu asione kikombe kilicho mbele ya pua yake. Nikakujibu kwamba taa ya jikoni imefifia. Taa ya jikoni ni mpya. Niliifunga mwenyewe.

Na ile picha ya alizeti uliyoniomba, kwanza nilikuambia simu imejaa, kisha kwamba kioo kimepasuka, kisha nikasingizia mvua. Simu yangu haina tatizo lolote. Niliogopa kukutumia picha kwa sababu macho yako wewe ni mazima.

Niruhusu nirudi nyuma, nisije nikaanzia katikati ukaniona nimechanganyikiwa. Ulipoondoka nyumbani alizeti zilikuwa mashina machache tu pembeni ya karo la kufulia. Unaikumbuka siku baba alipozileta? Miaka yote aliyosoma mita za maji aliingia kwenye ua wa kila mtu, akaona bustani za kila aina, na hakuwahi kumwomba mtu kitu. Siku hiyo moja akaomba. Mwenye nyumba akamchimbia kipande cha mzizi, akakifunga kwenye gazeti lililoloa, na baba akakibeba ndani ya mfuko wa shati mpaka jioni. Mama alikuwa amemsubiri na chakula kimepoa, halafu anakabidhiwa kitu kama kipande cha tangawizi kilichokonda. Alicheka mpaka hasira ikamwisha.

Sasa zimejaza upande wote wa uzio. Si zile alizeti za kukamua mafuta, zenye kichwa kimoja kikubwa kinachoinama. Hizi hukauka mpaka chini, ukadhani zimekufa, kisha huibuka zenyewe na kupanda mpaka kumpita mwanamume mrefu, na kila tawi lina maua yake madogo. Tatizo lao ni mizizi, maana inatembea. Usipochimba kingo na kuing'oa kila mwaka, inakwenda itakako. Fundi baiskeli, jirani yetu wa upande ule, hulalamika kwamba inapita chini ya mabati na kuibuka kwenye uwanja wake katikati ya vyuma. Mashina hayo ameyaita mashemeji, kwa sababu yamekuja bila kualikwa na hayana mpango wa kuondoka. Kila mwaka huyang'oa, akayarusha upande wetu, na mama humrushia maneno.

Kuna jambo jingine ambalo nyumba hii imelishika tangu ungali hapa, ile kanuni ya ua la kwanza. Ua la kwanza likifunguka, hakuna ruhusa ya kusema mpaka mama aone mwenyewe na kutangaza. Baba aliweza kupiga mswaki pale karoni, ua limemning'inia juu ya kichwa, asiseme neno. Alikuwa akifungua pazia la chumba asubuhi, anasimama kando na mikono nyuma, ananyamaza. Mama naye akitazama, akapiga kofi moja, akasema, njano. Basi siku hiyo chai ilinywewa uani. Baba alipofariki nikairithi kazi ya kufungua pazia. Sijui nyumba za wengine zina mambo gani, lakini hili ni letu, na nadhani ndilo lililoniponza.

Sasa nije kwenye mwaka huu. Unajua nilimpeleka mama kwa daktari wa macho, ukajua na alichosema. Mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili, na kibaya zaidi amevimba akasababisha presha ipande ndani ya jicho. Daktari alinieleza polepole, kama mtu anayeogopa nisimwelewe, kwamba mtoto wa jicho peke yake anaweza kusubiri, lakini presha haisubiri. Ikiachwa inaua mshipa wa nyuma, na ukishakufa hata jicho lisafishwe namna gani halitaona. Wewe ukahangaika na simu ukampatia kitanda hospitali, afanyiwe upasuaji. Ukaomba likizo ili uwepo. Mama ndiye aliyekuwa mgumu, na sote tunajua sababu. Baba aliingia hospitali kwa miguu yake, kwa jambo dogo, akatoka amebebwa. Tangu hapo mama haamini kisu cha mtu aliyevaa koti jeupe.

Wakati huohuo alizeti zilikuwa zinapanda. Mama alinikumbusha zikatwe ncha, kama alivyokuwa akifanya baba. Kanuni yake unaijua, zikifika magotini unazikata nusu ili zichipue matawi mengi na zisirefuke hovyo zikaanguka na upepo. Zikifika kiunoni umechelewa, lakini utasamehewa. Zikishabeba matumba, usiziguse kabisa. Siku hizo tulikuwa na mapazia ya ukumbi wa mikutano, Bosi ametukalia shingoni, narudi nyumbani mgongo umekufa ganzi. Mama aliniuliza kama nimezikata, nikasema nimezikata. Alipouliza tena nikasema ndiyo mama, mbona zimependeza. Nilidhani nitazikata kesho yake. Nadhani hakuna neno lililonitapeli maishani kama hilo la kesho.

Halafu akaniambia kwamba Jumapili nimpeleke uani azipapase, ajue nimezikata kwa urefu gani, maana hauamini mkono wangu. Jumamosi alipokwenda kwa msusi kuoshwa nywele, nilichukua makasi nikatoka mbio. Dada, zilikuwa zimenipita kichwa. Na juu kabisa zilikuwa na matumba, madogo, ya kijani, yamejikunja. Niliyaona. Sitaki uje useme labda mdogo wangu hakuona. Nilisimama pale na makasi, nikajua vizuri ninachotaka kufanya, na nikaona ni afadhali alizeti zife kuliko mama ajue kwamba nilimdanganya. Nikazikata zote mpaka magotini. Matumba nikayafunga kwenye gunia nikalitupa mbali na nyumbani. Jumapili mama akazipapasa, akanisifu. Alisema kumbe naweza kushika kazi nikiamua.

Zilichipua tena, majani mengi ya kupendeza, na hakuna hata tumba moja. Wakati wake ulifika, ukaanza kupita. Kila asubuhi nilifungua pazia, mama akakaa kwenye kiti chake na kutazama. Kwa kanuni yetu hawezi kuuliza, nami siwezi kusema, kwa hiyo tulikaa hivyohivyo, yeye anangoja, mimi najua hakuna cha kungoja. Siku moja nilirudi kazini mapema nikamkuta dirishani na kitambaa na beseni la maji ya sabuni, anafuta kioo. Kioo kilikuwa kinang'aa. Akaendelea kufuta, akakisogelea mpaka pua ikagusa, akarudi nyuma, akafuta tena. Alidhani uchafu uko kwenye kioo.

Hapo ndipo nilipopaswa kuingia chumbani, nipige magoti, niseme mama hujakosa kitu, hakuna maua, niliyakata mimi. Badala yake nilirudi nyuma kwa vidole, nikafungua mlango wa mbele kwa kelele kama ndiyo kwanza naingia.

Tulikuwa na bitana ya njano karakanani, vipande vilivyobaki, na mabaki ya mahameli ya kahawia. Unaweza kumalizia mwenyewe, lakini nitaandika yote. Nilikata petali wakati wa mapumziko ya mchana, nikawaambia wenzangu ni mapambo ya sherehe ya mtoto wa rafiki. Nilikwenda kwa fundi baiskeli kumwomba spoku za zamani. Aliuliza za nini, nikamjibu za kufumia, akasema hajawahi kuona sindano ya aina hiyo. Jumamosi mama alipokwenda kwa msusi nikayafunga maua yale juu ya mashina, mengi upande wa dirisha, machache huko pembeni. Kwa mbali, kwa mtu asiyeona vizuri, yalikuwa maua. Nikajiambia kwamba ni furaha ya siku chache tu, yatakauka kama mengine, nitayatoa, na hakuna atakayeumia.

Asubuhi yake nilifungua pazia lote, nikasimama kando, nikanyamaza. Mama alitazama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akapiga kofi moja, akasema, njano. Nililia, naye akacheka kwamba nimekuwa mlaini kama baba yangu. Halafu akasema nikupigie simu, niweke sauti kubwa.

Mnajua nyinyi wawili mlichokuwa mmekubaliana nikiwa kazini. Mimi nilikisikia pale pale, nimeshika sinia. Mama alikukumbusha kwa furaha kwamba mlipeana neno, kwamba mwaka huu akiwa wa kwanza kuona njano mwenyewe, bila kuambiwa, basi macho yake yaachwe yalivyo. Wewe ulicheka. Ulisema umeshindwa, na kama macho yameona ua kutoka dirishani basi pengine daktari alitutisha bure. Ukasema utapiga simu hospitali kitanda apewe mwingine, na likizo utairudisha. Nyumba nzima ilikuwa inasikia, dada. Ulinisikia nikikohoa, ukaniuliza kama nina mafua. Nikasema ndiyo, mafua kidogo.

Tangu siku ile mama akawa anaamka mapema, anakaa dirishani, anayasalimu. Akamsimulia msusi, akawasimulia wateja wa msusi. Kitu kimoja tu kilimshangaza. Alisema mwaka huu hasikii nyuki. Nikamjibu kwamba nyuki wamepungua kila mahali, nilisikia redioni. Kwa hiyo hata redio ya shemeji nimeisingizia. Jua nalo likaanza kuchuja rangi ya bitana, na mvua moja ikayalegeza yote yakaning'inia kama soksi kwenye kamba. Mama akasema, jinsi yanavyodumu mwaka huu.

Fundi baiskeli alichungulia juu ya mabati siku moja nikiwa naanua nguo. Aliyatazama maua, akanitazama mimi, akasema hakujua kama spoku zake zina uwezo wa kuchanua. Sikucheka. Akaacha mzaha, akanieleza kwa upole kwamba yeye hatasema kitu, si ugomvi wake, lakini jana yake alimwona mama akilitafuta bomba la karo kwa mikono, na bomba lilikuwa mbele ya kifua chake. Aliniuliza mama anayaonaje maua yale. Nikasema anayaona. Akasema haya, akateremka.

Siku nilipoona ile alama ya kuungua ndiyo nilipoishiwa nguvu za kudanganya. Jumapili iliyopita, mchana, nilimshika mkono nikampeleka uani. Alifurahi, alidhani tunakwenda kunywa chai. Nikakichukua kiganja chake nikakiweka juu ya ua. Alipapasa petali, akaenda nyuma yake, akakutana na mshono, akaufuata kwa kidole mpaka kwenye chuma. Akauliza hiki ni nini. Nikamweleza kila kitu, kuanzia ule uongo wa kwanza wa kwamba nimezikata. Nilitarajia aje juu kwa ajili ya maua ya kitambaa. Hayo aliyapita tu, akasema hata mshono wenyewe ni wa haraka. Kilichomkasirisha ni makasi. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama zilikuwa na matumba nilipozikata. Nikasema zilikuwa nayo. Akauachia mkono wangu. Akaniambia baba angenifukuza kwenye ua huu, kisha akarudi ndani peke yake, mkono ukutani, na akajigonga kwenye karo, na sikuthubutu kumsogelea.

Alijifungia chumbani. Baadaye akaniita, akaniamuru nizime redio. Na sasa sikiliza alichoniambia, maana ndicho kilichonikalisha kuandika. Alisema hakuona kitu. Si siku ile, wala siku nyingine yoyote mwaka huu. Hakuona njano, haoni hata dirisha liko wapi mpaka aligonge. Asubuhi ile alinisikia nikifungua pazia lote, halafu akanisikia nikinyamaza, kimya kilekile cha baba cha miaka yote, cha mtu mwenye habari mdomoni anayejizuia. Akajua kwamba maua yamefunguka na mimi ninangoja yeye aone. Akapiga kofi, akasema njano. Alisema hivyo kwa sababu aliogopa kisu, na kwa sababu alishindwa kukiri mbele yangu kwamba dirisha limekuwa giza. Aliniambia kwamba alilia ndani kwa ndani, kwa kuwa aliamini kweli maua ya baba yako nje na yeye hayaoni.

Kwa hiyo mimi nilining'iniza maua ya uongo, naye akayaona kwa uongo, na wewe uliye mbali ukarudisha kitanda kwa kutuamini sote wawili.

Jumatatu niliomba ruhusa kwa Bosi, akanuna, nikaondoka hivyohivyo. Nilimpeleka mama kwa daktari yuleyule. Jicho la kulia limekwenda. Mshipa wake umekufa, alisema, na hakuna la kufanya. La kushoto bado lina tumaini, presha ameanza kuishusha kwa matone, na atalisafisha mwisho wa mwezi huu. Mama alipotoka kwenda msalani nilimuuliza daktari kama lile la kulia lingepona iwapo tungekuja wakati ule wa kitanda chako. Akafunga kalamu yake, akafikiri, akasema labda. Angesema hapana ningelala. Angesema ndiyo ningejua nabeba nini. Lakini alisema labda, na hilo ndilo ninaloamka nalo.

Usimlaumu mama, naomba. Wala usijilaumu wewe kwa lile neno mlilopeana, ulikuwa unambembeleza mzee anayeogopa. Woga wake ni wa mtu aliyefiwa. Woga wangu ulikuwa wa kugombezwa, mtu mzima na cherehani yangu. Ukitaka kunigombeza nipigie nikiwa kazini, Bosi naye asikie, ninastahili. Ila kama likizo bado inapatikana, njoo. Mama amekubali kwenda, lakini ameniambia wazi kwamba safari hii anataka mkono wako ndio umshike mlangoni, si wangu. Nimekubali, sina cha kubisha.

Kuna jambo moja lililobaki, na hili mama halijui, kwa hiyo usilitamke kwenye simu. Maua ya bitana nimeyatoa yote. Nilipokuwa nakunja spoku nizirudishe, fundi baiskeli aliniita upande wake. Nyuma ya rundo la fremu za zamani kuna shemeji mmoja wa alizeti ambaye mwaka huu hakumng'oa, kwa sababu hakumwona mpaka alipokuwa mrefu kuliko rundo lenyewe. Makasi yangu hayakumfikia. Ana matawi matatu na juu yake amebeba matumba, dada, ya kweli, yameanza kupasuka pembeni na unaona mstari mwembamba wa njano. Nikauliza kama tunaweza kumhamisha, mwenyewe akanicheka, akasema hata mashemeji hawahamishwi wakiwa na mimba. Jana nilirudi nikakuta ameng'oa bati moja la uzio na kuisogeza ile milima ya vyuma. Ukikaa kwenye kiti cha mama dirishani, pengo lile liko mbele yako, na shina lile liko katikati ya pengo.

Sijui litafunguka lini. Linaweza kufunguka kabla ya daktari, likapukutika, na mama asijue. Linaweza kungoja. Daktari hakuahidi kitu kuhusu jicho la kushoto, nami sikuahidi kitu kwa mtu yeyote, nimeacha. Ninachofanya ni hiki. Kila asubuhi nafungua pazia huku napiga domo bila kituo. Naongea juu ya mvua, juu ya Bosi, juu ya mteja aliyetaka pazia lirefushwe baada ya kukatwa, mradi mdomo wangu usifungwe hata kidogo. Nataka mama asisikie kimya chochote cha kukisoma. Safari hii akiona, aone kwa jicho. Analalamika kwamba nimegeuka kasuku, na kwamba alikuwa na amani zaidi nilipokuwa mwongo.

Nawe ukifika utaingia chumbani kwake, utaona dirishani kilichopo au kisichokuwepo. Naomba uendelee kuongea.

Mama anakusalimu sana. Yuko hapa jikoni, amenisikia nikiandika muda mrefu, na ameagiza niongeze kwamba na yeye alidanganya, kwa hiyo usije ukanigombeza peke yangu. Anauliza pia kama huko mlipo mna soksi nene, miguu yake inapata baridi. Msalimie shemeji, na wale wenzako wa tanuri ya pili unaowasifia kila siku. Uwe na afya, utunze miguu, na ukiwa bado umesimama, basi keti sasa.

Ni mimi mdogo wako unayemfahamu, na ambaye kuanzia leo unamfahamu zaidi,

Kifungo